Mama wa Baba Yangu

Ko-lo, ko-lo, ko-lo. Kisha kimya kidogo, ng'ombe anapoinamisha kichwa kung'ata jani, halafu tena: ko-lo. Ilikuwa kengele ya ng'ombe wa bibi yangu. Kengele ya chuma, nzito, iliyofuliwa na wahunzi wa zamani, na mdomo wake ulikuwa umepasuka upande mmoja, kwa hiyo haikulia kama kengele ya kanisani wala ya shule. Ilikohoa. Jioni, ng'ombe walipokuwa wakirudi kutoka mbugani kwetu Samuye, baba aliinua kidole, sote tukanyamaza, naye akasikiliza mpaka akaridhika.

"Mama anarudi," alisema.

Halafu alinitazama mimi. Maana mama huyo nilikuwa mimi vilevile.

Bibi yangu mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa. Wanasema nilipozaliwa nililia mfululizo na kukataa ziwa, mpaka akaitwa mfumu, mganga wetu wa kuagua, akapasua kuku, akatazama ndani, akasema: huyu ni mama yenu amerudi, anadai jina lake. Nikapewa jina, nikanyamaza. Mama yangu mzazi aliwahi kuniambia, siku moja tukipepeta mtama, kwamba nilinyamaza kwa sababu wageni wote walitoka nje kunywa pombe ya kusherehekea jina, na yeye ndipo akapata nafasi ya kuninyonyesha kwa utulivu. Lakini hilo hakulisema mbele ya baba.

Tangu hapo baba hakuniita mwanangu. Aliniita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma chetu. Watu wengi huwaita hivyo watoto wenye majina ya wazee, lakini huita huku wakicheka, na kicheko kikiisha wanamtuma mtoto kuni. Baba yangu hakucheka. Asubuhi alikuja mlangoni, akakunja goti kidogo, "Mwangaluka, mayu," na mimi, kamasi zikinitoka, nilitakiwa kumwitikia kama mtu mzima. Akiuza ng'ombe alinieleza. Akigombana na jirani alikuja kunishtakia. Nilikalishwa kwenye kigoda cha bibi, kipana kwangu kama kitanda, naye akakaa chini kwenye ngozi na kunimwagia shida zake zote. Akimaliza aliuliza, "Unasemaje, mayu?"

Ningesema nini? Nilikuwa mtoto. Nilijifunza kumjibu neno moja tu: "Kula kwanza."

Basi alifurahi! Aliwageukia watu wote waliokuwapo: "Mnasikia? Ndivyo alivyokuwa akisema! Neno lake hasa!"

Mama yangu hakufurahi. Yeye alikuwa ameishi na mkwe wake yule miaka mingi, na miaka yenyewe haikuwa ya asali. Mkwe akafa, mama akashusha pumzi, halafu akamzaa. Fikiria mwenyewe. Asubuhi alinipita na mtungi kichwani, akisema bila kunitazama, "Mama mkwe ameamka? Mama mkwe hakuumwa na viroboto?" Hakunipiga hata mara moja, maana nani atampiga mkwewe? Niliwaona wenzangu wakichapwa na mama zao, kisha jioni nikawaona wamelala mapajani mwa mama walewale wakisukwa nywele, na niliwaonea wivu kofi na paja vyote pamoja.

Ng'ombe wa bibi lazima nimweleze, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Kwetu, mtu akiwaheshimu wazee wake waliokufa anaweza kumtenga ng'ombe mmoja kwa ajili yao. Ng'ombe huyo hatolewi mahari, hauzwi, hachinjwi kwa mgeni, hatoki langoni kwenda kuwa mali ya mwingine mpaka afe kwa uzee. Wa bibi alivaa kengele ili ajulikane. Nilimkamua mimi tu, na maziwa yake alikunywa baba kwanza, nikimpelekea kwa kibuyu, asubuhi na jioni.

Ng'ombe wa kwanza alikufa nikiwa bado mdogo sana. Baba akanishika mkono, akaniingiza zizini, mkono wake mwingine umeshika kengele na ukanda wake wa ngozi. "Chagua, mayu. Ni wako kuchagua, si wangu." Nilizunguka katikati ya miguu ya ng'ombe, nikamwona mmoja mwekundu mwenye doa jeupe begani kama maziwa yaliyomwagika. Nikamwonyesha kwa kidole.

Kumbe ng'ombe yule alikuwa ameshabadilishwa kwa dume la rafiki yake baba, na rafiki mwenyewe alikuwa amesimama palepale nje ya ua wa minyaa, kamba mkononi.

"Ee bwana, huyo si wangu?" akasema.

"Alikuwa wako," baba akamjibu. "Mama ameshachagua."

"Mama gani? Huyu mwenye kamasi?"

Baba akamwendea mpaka karibu. "Ukitaka kumtukana mama yangu zizini mwangu, chukua dume lako uende. Ukitaka ng'ombe mwingine, chagua mwingine. Huyu ameshaguswa na kengele, haendi popote."

Rafiki akanung'unika mpaka akachoka, akachukua mwingine. Baba akarudi kwangu, akanifundisha fundo. Ukanda unazungushwa mara mbili, unapitishwa chini, unavutwa. Vidole vyangu havikuwa na nguvu, akaniambia nivute kwa meno. "Fundo hili utalifunga wewe maisha yako yote," alisema. "Mimi siligusi, wala mtu mwingine haligusi." Nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Mwaka ambao askari wa kwetu walirudi kutoka vitani Burma nilianza shule ya misheni. Baba hakukataa. "Mama yangu hakupata kusoma," alisema, "mwacheni asome sasa." Nilisoma madarasa manne. Nilipenda shule mno, na si kwa akili nyingi, ila kwa picha. Kwenye kitabu kimoja palikuwa na picha ya nyumba yenye dirisha, na dirishani pazia la maua, na nyuma ya pazia mtu hayuko. Nilimtia mtu mimi mwenyewe. Kila siku nilimtia mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kuota nikiwa macho. Sufuria zangu nyingi zimeungua kwa sababu hiyo. Mwalimu alipokuja nyumbani kusema kwamba naweza kuendelea, ila kwenye shule ya kulala, mbali kidogo, baba alimkaribisha vizuri, akamwandalia ugali na kuku, na yeye mwenyewe hakugusa. Mwalimu alikula peke yake. Kesho yake baba hakula tena. Siku iliyofuata nikaenda mimi mwenyewe shuleni kumwambia mwalimu basi.

Nami, mjinga, niliporudi nikamwona anamega tonge, nilifurahi. Nilidhani kupendwa ndiko huko.

Mume wangu alikuja kwetu akiwa kijana wa Kisumbwa, anayefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Geita, mwenye mdomo wa utani na viatu visivyolingana. Nilimpenda siku aliyoniambia kwamba kule Geita usiku na mchana mashine zinasaga mawe, na kwamba mtu akilala mara ya kwanza anaota anatafunwa. Alilipa mahari yake sawasawa. Ng'ombe waliingia langoni kwa mstari, mbele yao mtamba wa kijivu, mrembo, masikio yake mazima. Huyo wa mbele ana maana yake kwetu: ndoa ikivunjika na mahari ikarudishwa, ni lazima arudi yeye mwenyewe, au kama amekufa, ngozi yake. Asiporudi, wengine wote hawapokelewi, na ndoa inahesabiwa kuwa ipo.

Siku ya kuondoka baba alinishika kifundo cha mkono langoni, akalia kwa sauti. Wazee waliona haya. Mmoja akamwambia, "Mwachie mtoto aende zake."

"Mtoto gani?" baba akasema.

Sasa, kwa desturi, mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Kaka yangu alikuwa amenitangulia kuzaliwa, ana msichana wake upande wa Ngokolo, na alikuwa akiwahesabu ng'ombe wale kabla hawajafika. Baba hakumpa. Hakuwatia alama yake ya sikio. Hakuwagawa kwa marafiki wawachunge, kama watu wanavyofanya. Aliwajengea kiua chao pembeni ya zizi, wakawa wanalala peke yao. Watu walishangaa. Mimi nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: kwamba hawezi kuwagusa kwa sababu ni mimi. Kwamba anawatazama asubuhi na kunikumbuka. Geita nilimsimulia kila aliyekuwa na masikio.

"Baba yangu ananipenda jamani! Ng'ombe wangu mpaka leo hajawagusa."

Jirani yangu kambini, mwanamke wa Tabora aliyenifundisha kupika vitumbua, aliacha mwiko wake hewani. "Hee, shoga. Baba gani haozi mwanawe wa kiume? Hao ng'ombe wanasubiri nini?"

"Wananisubiri mimi," nikasema, nikacheka.

"Haya," akasema. "Geuza kitumbua chako, kinaungua."

Geita nilikuwa na raha. Sikujua raha ina sauti kubwa namna ile: mashine, manyapara wakipiga kelele, redio ya karani, adhana, wimbo wa kanisani, watu wa kila kabila wakigombea bomba la maji kwa Kiswahili cha kila namna. Walinicheka kwa kusema kwangu, nikawacheka kwa kusema kwao. Nilijifunza vitumbua, maandazi, chai ya tangawizi. Mume wangu akirudi mweupe kwa vumbi la mawe, tulikaa mlangoni tukijenga mgahawa wetu kwa maneno. Utakuwa Katoro, barabarani, malori yanaposimama. Utakuwa na meza za mbao, na dirisha.

"Na pazia," nikasema.

"Pazia la nini kwenye mgahawa? Watu waone chakula!"

"La maua."

"Basi la maua," akasema. "Wataona maua."

Lakini kila tulipokaribia kuanza, alitokea mtu. Mfanyabiashara wa ng'ombe, au mchimbaji aliyetoka likizo, anabisha hodi, hata hajakaa: "Nimepitia kwenu. Mzee hali chakula." Au: "Ng'ombe wa bibi yako amekataa kukamuliwa, anapiga mateke." Au neno moja tu, "Mzee anakuita," na uso wa mleta habari ukisema mengine. Mara ileile niliacha nilichoshika. Nilifunga vitu vyangu kwenye kitambaa, nikapanda lori mpaka kivukoni, nikavuka, Mwanza, treni, Shinyanga, kisha kwa miguu mpaka Samuye, huku nimeshamzika baba njiani mara nyingi na kulia machozi yote. Nilipofika nilimkuta amekaa nje. "Mayu amekuja!" Ugali ukapikwa, akala mbele yangu mpaka akalamba kidole. Kumwona akila nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nani ataniambia kwamba huo haukuwa upendo? Nilikuwa naishi kwa tonge lake. Hata Geita, katikati ya kicheko, nilishtuka: nacheka, na yeye je, amekula? Ndani ya mlio wa mashine nilisikia kengele ikikohoa.

Mwanzoni mume wangu alitania. "Nenda basi kamnyonyeshe mwanao." Baadaye utani uliisha chumvi. Siku moja, akifunga kamba za viatu, akasema taratibu, "Niliambiwa naoa binti wa watu. Kumbe nimeoa mama wa watu."

Halafu ikaja Katoro yenyewe. Mume wangu aliacha kazi ya mgodi. Tulipata chumba cha udongo chenye paa la bati, mahali pazuri, lori likisimama dereva anatua mlangoni mwetu. Mwenye nyumba alituambia wazi: malori ya pamba yakianza kupita na mlango bado umefungwa, atampa mtu mwingine. Nilipaka kuta kwa mikono yangu. Nilitoboa dirisha la picha yangu. Pazia nilikuwa bado nalishona, ndipo akaja mtu.

"Mzee hawezi kusimama."

Mume wangu alinitazama nikikunja kitambaa cha pazia. Hakugomba. Ningependa angegomba. "Nenda," akasema. "Baba ni baba. Lakini safari hii sitakuja kukuchukua, wala sitatuma mtu. Nitafungua mlango, nitawasha moto. Ukija, umekuja. Usipokuja nitajua kwamba nyumbani kwako ni kule, na mimi nilikuwa mgeni wako tu."

Nilimkuta baba amesimama langoni, wima kama mlingoti.

"Nimeambiwa huwezi kusimama!"

"Nimesimama kwa kukuona wewe, mayu." Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya zizi. Palikuwa na nyumba mpya. Nyasi za paa bado zilinukia. Ndani kulikuwa na kitanda, kigoda cha bibi, na mitungi mipya ya maji. "Nyumba yako," akasema, uso wake ukiwaka kama wa mtoto aliyeficha kitu akakitoa. "Siyo ya kufikia wageni. Yako."

Nilisema asante. Nilisema, "Wabeja, baba." Lakini kitambaa changu sikukifungua.

Nilikuwa nimekuja kwa siku chache. Nilipoaga mara ya kwanza, mfumu alikuwa amesema bibi aliye ndani yangu ana maumivu ya miguu, hawezi safari. Nilipoaga mara ya pili, baba aliweka tonge chini. Sitaki kumsingizia: hakuigiza. Hakula kweli. Mbele ya macho yangu mashavu yake yaliingia ndani, nami sina moyo wa kumwangalia mtu akikonda. Nikasema sawa, nakaa kidogo. Akala. Shambani pamba ilipasuka, watu wakaanza kuvuna, na kila gunia lililopita kichwani mwa mtu nililiona likipakiwa kwenye lori, na lori likifika Katoro.

Siku moja nilikwenda kusimama na kaka yangu akiziba pengo la ua kwa miiba. Ng'ombe wangu wa mahari walikuwa kwenye kiua chao, wamenenepa, mtamba wa kijivu sasa ng'ombe kamili. Nikasema, kwa kutaka tu kusema jambo zuri, "Baba anavyowatunza! Mpaka leo hajawagusa."

Kaka alinyanyuka. Kwa mzaha wake mchungu siku zote aliniita bibi. "Bibi, hivi wewe huwa unajidanganya au umelogwa?"

"Kwa nini?"

"Unadhani wale wamewekwa kwa ajili ya kukukumbuka wewe? Mimi niliomba. Niliomba nikiwa nimepiga magoti. Unajua aliniambia nini, siku ileile walipoingia, hata hujaondoka? Aliniambia, 'Usiwaguse hao. Si wetu. Hao ni wa kumkomboa mama.'"

Sikumwelewa. Au nilimwelewa, nikataka aendelee ili nisimwelewe.

"Wa kukurudisha wewe," akasema. "Wanamngoja mumeo tangu siku ile. Baba amepata siku njema kwa mfumu. Keshokutwa tunawaswaga kwenda kwa wakwe zako Ushirombo. Mimi mwenyewe ndiye mchungaji."

"Mume wangu hajadai kitu."

"Ndiyo maana tunampelekea."

Nilikwenda kukaa kwenye nyumba yangu mpya. Sikulia. Nilikuwa nikipitisha kichwani watu wote niliowaambia pale Geita. Jamani, baba yangu ananipenda, ng'ombe wangu hajawagusa. Na yule wa Tabora, mwiko hewani.

Jioni nilimpelekea baba maziwa. Sikuweza kungoja anywe.

"Baba, ni kweli mnawarudisha?"

Hakuona haya hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza: alifurahi kwamba nimejua. "Kweli, mayu. Yule kijana si mbaya. Aliacha amana yake kwangu, nimeitunza vizuri kuliko alivyoileta. Hatakuwa na la kulalamika."

"Mimi nina mume."

"Una mtoto kwanza," baba akasema. "Una mimi."

Uso wake ulikuwa umeinuliwa kwangu kutoka kwenye ngozi aliyokalia, mzee mzima mwenye mvi, na macho yake yalikuwa ya mtoto anayeangalia mlango ambao mama yake ametokea. Mama huyo alikufa. Mimi nilimwona wapi? Nilitaka kumwambia: baba, mtoto ni mimi. Hata mara moja tu, nitume kuni. Nipige kofi. Neno lilifika kooni, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Kula kwanza," nikasema.

Akala.

Kesho yake, jua halijapanda, aliondoka kwenda kuwaita wazee wawili wa kushuhudia safari ya ng'ombe. Mama yangu alinikuta nikikunja vitu vyangu kwenye kitambaa. Alisimama mlangoni na mtungi wake.

"Mama mkwe anasafiri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi safari hii usirudi kwa kuitwa," akasema. "Nilishakuhudumia mara moja mpaka ukafa. Mara ya pili imenishinda." Akaenda zake kisimani. Sijui hata leo kama alinifukuza au alinifungulia mlango. Nimeligeuza neno lile mara nyingi, na kila upande lina makali.

Ninaandika haya Katoro, kabla wateja wa chai hawajaanza kugonga. Unga bado uko kwenye kucha zangu. Nilipofika, malori ya pamba yalikuwa yameshaanza kupita, mlango ulikuwa wazi na moto unawaka, na mume wangu alisema tu, "Maji yanachemka." Pazia la maua lipo. Madereva wananiita dada mcheka ovyo, na kweli nacheka, ni tabia yangu, siwezi kuiacha. Kaka amekwisha kuoa, kwa ng'ombe wa mahari yangu. Lakini baba hajaniletea neno. Yeye ambaye hakumwacha mtu apite kuelekea huku bila kumtwika ujumbe, sasa watu wanatoka kwetu mikono mitupu. Nawauliza, wanatazama pembeni. "Mzee yupo. Anakula." Mmoja tu ndiye aliyeniambia zaidi: kwamba jioni bado anainua kidole, anasikiliza, kisha anaingia ndani kabla ng'ombe hawajafika. Amekula bila mimi miaka yote hii. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama niliyefiwa, kwa sababu kumbe aliweza.

Asubuhi ile mama alipokwenda kisimani, na kaka bado amelala, niliingia zizini peke yangu. Nilimkamua ng'ombe wa bibi kama kawaida, nikajaza kibuyu cha baba, nikakiweka mahali pake. Halafu nikashika fundo la shingoni mwake. Jasho la miaka lilikuwa limelikausha likawa kama mfupa. Nilililegeza kwa kucha, kisha kwa meno, mpaka likaachia. Kengele ikataka kukohoa. Nikatia vidole mdomoni mwa kengele nikaushika ulimi wake.

Nilipita nayo hivyo mpaka kwenye kiua cha pembeni. Ng'ombe wa kijivu, yule wa mbele ambaye bila yeye wengine hawapokelewi, alininusa mkono, akapumua. Hakunijua. Nilimwambia jina langu, lile la bibi, maana sina lingine. Nikazungusha ukanda shingoni mwake mara mbili, nikaupitisha chini. Vidole vyangu sasa vina nguvu za kutosha, lakini niliinama nikaukaza kwa meno.